Nafasi ya Kiswahili katika Uundaji wa Kisakinishi Chepesi cha Linux kwa Kompyuta Kuukuu

Ikisiri

Kompyuta iliyotumika kwa miaka mingi inaweza kurudishwa kazini kwa kuwekewa mfumo endeshi mwepesi wa Linux. Programu inayoufikisha mfumo huo kwenye diski huitwa kisakinishi. Makala hii inaeleza jinsi kisakinishi chepesi kinavyojengwa na inachunguza nafasi ya lugha katika ujenzi huo. Inabainisha kuwa kumbukumbu ya kompyuta inapokuwa finyu, tafsiri huweza kuwa kitu cha kwanza kuondolewa, na kwamba kwa upande wa Kiswahili uamuzi huo hauna sababu ya kutosha ya kiufundi. Makala inapendekeza njia ya kukibakiza Kiswahili bila kuongeza uzito wa maana, kisha inajadili masuala ya lugha na ya kimaeneo yanayopaswa kuzingatiwa katika nchi za Afrika Mashariki na Kongo.

1.0 Utangulizi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, hudai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64 na kijenzi cha usalama cha TPM 2.0. Kompyuta isiyotimiza masharti hayo bado huwaka, huandika barua, hupiga hesabu na kufungua kurasa za intaneti. Kilichokoma ni msaada wa mtengenezaji wa programu. Shule au ofisi yenye kompyuta za namna hiyo hubaki na njia tatu: kuzitupa, kuendelea kuzitumia bila kinga dhidi ya kasoro mpya za usalama, au kuziwekea mfumo endeshi mwingine.

Njia ya tatu ndiyo inayoihusu makala hii. Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hutumika katika mifumo endeshi mingi, na baadhi yake imekusudiwa mahususi kwa mashine dhaifu. Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler mwaka 2003, huweza kufanya kazi ikiwa imepakiwa yote ndani ya kumbukumbu. Tiny Core Linux ina toleo lenye madirisha lisilofikia megabaiti 30. Mfumo wa antiX umejengwa juu ya Debian kwa kuzingatia kompyuta za zamani. Hata hivyo, upande wa miradi mikubwa mlango unazidi kuwa mwembamba. Debian 13, iliyotolewa tarehe 9 Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za kawaida za biti 32. Anayeshughulika na mashine hizo hulazimika kutegemea miradi midogo au kujiundia kisakinishi chake.

Panapoundwa kitu upya, maamuzi ya zamani hupata nafasi ya kupimwa upya. Mojawapo ni uamuzi kuhusu lugha: kisakinishi kizungumze lugha gani, na lugha hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya mfumo au pambo la kuondolewa nafasi inapobana? Swali hili huonekana kuwa la wahandisi peke yao, lakini jibu lake ndilo huamua nani anaweza kuifufua kompyuta bila kumwita mtaalamu.

2.0 Kisakinishi na kazi zake

Kisakinishi ni programu ya safari moja. Huwashwa kutoka kwenye flashi au CD, hufanya kazi yake, kisha huondoka na kuacha nyuma mfumo kamili. Kazi hiyo huweza kugawanywa katika hatua sita. Kwanza, kiini cha Linux na mfumo mdogo wa muda hupakiwa ndani ya kumbukumbu, yaani sehemu ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi na ambayo hupoteza kila kitu umeme unapokatika. Pili, mtumiaji huchagua lugha, mpangilio wa kibodi na ukanda wa saa. Tatu, diski hugawanywa katika sehemu, na kila sehemu huumbizwa, yaani huandaliwa kupokea mafaili. Nne, mafaili ya mfumo hunakiliwa. Tano, mtumiaji hufungua akaunti na kuchagua nenosiri. Sita, kianzishi, ambacho mara nyingi ni GRUB, huwekwa kwenye diski ili kompyuta iweze kujiwasha bila flashi.

Hatua ya tatu ndiyo yenye hatari kubwa. Kabla yake, mtumiaji anaweza kuzima kompyuta na kuchomoa flashi, na diski ikabaki ilivyokuwa. Baada yake, orodha za wanafunzi, hesabu za ushirika au kumbukumbu za zahanati zilizokuwamo hazirudi kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo sentensi inayoonekana kwenye skrini kabla ya hatua hiyo ina uzito kuliko sentensi nyingine yoyote katika mfumo mzima. Asiyeielewa hubonyeza kwa kubahatisha.

3.0 Jinsi uzito unavyopunguzwa

Ufundi wa kuunda kisakinishi chepesi ni ufundi wa kuondoa. Mfano wa awali ni BusyBox, iliyoandikwa na Bruce Perens mwaka 1995 kwa ajili ya Debian. Lengo lilikuwa kuutosheleza mfumo wa uokoaji na usakinishaji kwenye diski moja ya flopi, ambayo ujazo wake ni megabaiti 1.44. Badala ya kuwa na makumi ya programu ndogo zinazojitegemea, BusyBox hukusanya amri za kawaida katika programu moja inayotumia msimbo wa pamoja. Njia hiyo ingali inatumika hadi leo.

Eneo la pili la kupunguza ni sura ya kisakinishi. Visakinishi vyenye madirisha, kama Calamares iliyoanza mwaka 2014, huhitaji mazingira ya michoro yawe yamekwisha kuwashwa kabla swali la kwanza halijaulizwa. Kisakinishi cha matini tupu, kinachotumia visanduku vya herufi na vitufe vya mishale, huepuka mzigo huo wote. Eneo la tatu ni namna ya kunakili. Taswira nzima ya mfumo iliyobanwa inaweza kukunjuliwa moja kwa moja kwenye diski, badala ya kusakinisha vifurushi kimoja kimoja kutoka kwenye mtandao. Hapa kuna mizani ya kupima: mbano mkali huokoa nafasi kwenye flashi lakini huichosha prosesa dhaifu, ilhali mbano hafifu hufanya kinyume chake. Eneo la nne ni kutenga mapema sehemu ya diski ya kusaidia kumbukumbu, ili kazi isikatike katikati kwa kukosa nafasi.

Matokeo ya kupunguza huku yanaweza kupimwa bila kuwa na kompyuta kuukuu mezani. Programu ya QEMU huigiza kompyuta yenye kumbukumbu ya kiwango anachokitaka mjaribu, iwe megabaiti 256, 128 au pungufu. Kisakinishi kinachofika mwisho katika mazingira hayo kina matumaini ya kufika mwisho katika mashine halisi, ingawa kasoro za vifaa halisi hubakia kupimwa kwa mkono.

4.0 Lugha kama mzigo wa kwanza kutupwa

Kisakinishi cha Debian, ambacho kimekuwa msingi wa mifumo mingi, hupima kumbukumbu mwanzoni kabisa mwa kazi. Kikibaini kuwa ni finyu, huingia katika hali ya uhifadhi wa kumbukumbu. Mwongozo rasmi wa usakinishaji wa Debian unaeleza kuwa hatua ya kwanza katika hali hiyo ni kuzima tafsiri, hivyo kazi hufanyika kwa Kiingereza pekee. Mtumiaji hushauriwa kuweka lugha yake baada ya mfumo kukamilika. Ni pale tu hatua hiyo isipotosha ndipo vijenzi vingine huachwa.

Mpangilio huu una mantiki yake. Kisakinishi cha dunia nzima hubeba tafsiri za makumi ya lugha kwa pamoja. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kuwa kisakinishi kina sentensi 600, na kila sentensi ina wastani wa herufi 100. Lugha moja inayoandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za ziada itahitaji takribani baiti 60,000. Lugha 50 za aina hiyo zitahitaji baiti milioni 3. Uzito huongezeka kwa lugha nyingine kwa sababu, katika mfumo wa usimbaji wa UTF-8, herufi ya Kiarabu huchukua baiti 2, na ya Kiamhari au Kihindi baiti 3. Katika mashine yenye megabaiti 64, mzigo huo unaonekana.

Hata hivyo, hesabu hiyohiyo inaonesha upande wa pili. Mtumiaji mmoja hahitaji lugha 50, anahitaji moja. Baiti 60,000 hazifiki sehemu moja kati ya 2,000 ya kumbukumbu ya megabaiti 128. Kilicho kizito ni desturi ya kuzibeba lugha zote katika furushi moja, kisha kulitupa furushi lote.

Kwa Kiswahili kuna hoja ya ziada. Skrini ya matini ya kompyuta za zamani huweza kuonesha maumbo ya herufi 256 au 512 tu kwa wakati mmoja. Kiamhari hujaza sehemu kubwa ya idadi hiyo, na Kiarabu hudai herufi ziunganishwe na kusomwa kutoka kulia. Lugha kama hizo huweza kuhitaji fonti mahususi au programu ya ziada ya kuchora herufi. Herufi zote za Kiswahili sanifu, pamoja na king'ong'o cha ng', zimo katika seti ya msingi ya ASCII ambayo kila kompyuta huijua tangu inapowashwa. Kiswahili hakihitaji fonti mpya, programu ya kuchora wala kumbukumbu ya michoro. Kukiondoa kwa kigezo kilekile kinachoziondoa lugha zenye mahitaji hayo ni kukihukumu kwa kosa lisilo lake.

Athari yake kijamii ni dhahiri. Hali ya kumbukumbu finyu haimpati mwenye kompyuta mpya. Humpata mwenye mashine kuukuu, na huyo ndiye mara nyingi yuko mbali na fundi na mbali na Kiingereza. Hata kama watafsiri wangekamilisha kila sentensi kwa Kiswahili, kazi yao isingeonekana kwenye mashine ambayo ingeihitaji zaidi.

5.0 Njia inayopendekezwa

Suluhisho lipo ndani ya kiini cha Linux chenyewe. Mfumo wa muda unaopakiwa mwanzoni huhifadhiwa katika bunda la mafaili lenye umbo la cpio, na kiini hukubali mabunda kadhaa yanayofuatana, kikiyakunjua moja baada ya jingine hadi yawe mfumo mmoja. Kianzishi cha GRUB nacho huruhusu mabunda zaidi ya moja kutajwa katika mstari mmoja wa maelekezo. Mwundaji anaweza basi kutengeneza bunda kuu lisilo na lugha yoyote, na bunda dogo kwa kila lugha. Menyu ya kwanza kabisa, kabla ya kiini kupakiwa, huonesha majina ya lugha: Kiswahili, Français, English. Mtumiaji akichagua Kiswahili, ni bunda kuu na bunda la Kiswahili pekee yanayoingia katika kumbukumbu. Lugha nyingine hubaki kwenye flashi bila kumgharimu chochote.

Ndani ya bunda la lugha, sentensi zinaweza kukaa katika faili la kawaida la matini ambalo hati za amri za kisakinishi hulisoma. Muundo huu una faida kwa mtafsiri pia: hahitaji kujua kupanga programu, na kosa likionekana hurekebishwa kwa kihariri chochote cha matini.

Jambo moja la kiuandishi linahitaji tahadhari. Katika hati za amri, alama ya ritifaa hutumika kufungua na kufunga sentensi. Maneno kama ng'oa, ng'amua na kung'aa yana alama hiyohiyo. Mtafsiri akiandika neno la aina hiyo ndani ya sentensi iliyofungwa kwa ritifaa, hati hukatika katikati na kisakinishi husimama. Dawa ni kuzifunga sentensi zote kwa alama mbili za mtajo. Huu ni mfano mdogo wa tatizo ambalo mhandisi asiyejua Kiswahili hawezi kulitabiri na mwanaisimu asiyejua hati za amri hawezi kuliona.

6.0 Masuala ya lugha

Tajiriba ya kutafsiri programu huria kwa Kiswahili si ngeni katika eneo hili. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wadau wa Sweden, ulitoa mwaka 2004 tafsiri ya programu za ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice. Kazi hiyo ilihusu programu zinazotumika baada ya mfumo kusimama. Kisakinishi kina mahitaji yake.

Suala la kwanza ni onyo. Linganisha sentensi hizi:

(a) Mabadiliko yaandikwe kwenye diski?
(b) Ukiendelea, mafaili yote yaliyomo kwenye diski hii yatafutika na hayatarudi. Andika neno FUTA ili kuendelea.

Sentensi (a) ni sahihi kisarufi na iko karibu na lugha ya wahandisi. Lakini katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, kuandika ni kuongeza. Si rahisi msomaji kudhani kuwa kuandika kutafuta kilichokuwapo. Sentensi (b) inataja kitakachopotea, inaweka tendo la msomaji katika hali ya masharti, na inamtaka athibitishe kwa kuandika neno lenye maana ileile ya tendo. Urefu wake ni mara mbili na zaidi, lakini ni urefu wa baiti chache.

Suala la pili ni upatanisho wa kisarufi. Visakinishi hutumia sentensi zenye nafasi tupu inayojazwa jina la kitu wakati wa kazi. Kwa Kiingereza kitenzi hakibadiliki kwa kufuata ngeli ya jina lililojazwa. Kwa Kiswahili faili limefutwa, kifurushi kimefutwa na sehemu imefutwa. Njia salama ni kuitanguliza nomino ya jumla ndani ya sentensi yenyewe, kisha jina mahususi lifuate: "Sehemu ya diski sda1 imefutwa", "Kifurushi nano kimesakinishwa". Kitenzi hupatana na nomino ya jumla, na jina lolote linaweza kujazwa. Pale penye idadi, kila sentensi iwe na maumbo mawili: "Faili 1 limenakiliwa" na "Mafaili 214 yamenakiliwa".

Suala la tatu ni istilahi. Nenosiri na nywila, kompyuta na tarakilishi, kusakinisha na kusanidi ni jozi ambazo msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anaweza kuzikuta. Kusanidi ndiko kwenye utata zaidi, kwa kuwa hutumika pia kwa maana ya kurekebisha mipangilio ya kitu kilichokwisha kusakinishwa. Hifadhi nayo ni kitenzi cha kuweka na nomino ya mahali pa kuwekea. Ndani ya kisakinishi kimoja, neno moja libebe dhana moja kuanzia menyu ya kwanza hadi ya mwisho.

Suala la nne ni saa. Betri ndogo ya ubao mama inapokufa, kompyuta kuukuu husahau tarehe, na tarehe isiyo sahihi huzuia kurasa salama za intaneti zisifunguke. Kwa hiyo kisakinishi huhitaji kumwuliza mtumiaji saa. Skrini ikionesha "saa 2:00", msomaji wa Kiswahili anaweza kuelewa saa mbili, ambayo kwa mashine ni 8:00. Inafaa kutumia mtindo wa saa 24 pamoja na mfano wa wazi: "14:00, yaani saa nane mchana".

7.0 Lugha moja, nchi kadhaa

Kiswahili kimepewa hadhi ya kisheria nchini Rwanda tangu mwaka 2017; Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kiwe lugha rasmi mwaka 2022; na katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Kisakinishi kinachodhani kuwa anayechagua Kiswahili yuko Tanzania au Kenya kitakosea katika mambo matatu.

La kwanza ni ukanda wa saa. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele ya saa ya dunia. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko saa 2 mbele, ilhali Kinshasa iko saa 1 mbele. La pili ni kibodi. Mashine zilizotoka Ufaransa au Ubelgiji huwa na mpangilio wa AZERTY, ambamo herufi A iko mahali ambapo kibodi ya Kiingereza ina Q. Mtumiaji akichagua nenosiri huku kisakinishi kikidhani kibodi ni ya Kiingereza, anaweza kujifungia nje ya kompyuta yake mwenyewe siku ya kwanza, kwa kuwa herufi za nenosiri hazionekani zinapoandikwa. Kibodi iulizwe peke yake, na mtumiaji apewe mstari wa kujaribia.

La tatu ni lugha mbadala. Sentensi isiyotafsiriwa kwa kawaida huonekana kwa Kiingereza. Kwa msomaji wa Goma, Lubumbashi au Bujumbura, Kifaransa huweza kumfaa zaidi. Utaratibu wa tafsiri unaotumika katika programu nyingi za Linux huruhusu orodha ya vipaumbele, kwa mfano Kiswahili kwanza, Kifaransa pili, Kiingereza tatu. Kisakinishi kiandike orodha hiyo katika mfumo uliokamilika, kulingana na nchi iliyochaguliwa.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonesha kuwa wepesi wa kisakinishi na matumizi ya Kiswahili havipingani. Uzito unaolaumiwa hutokana na mpangilio wa furushi, na mpangilio huo unaweza kubadilishwa kwa zana zilizopo.

Mapendekezo manne yanatolewa. Mosi, taasisi zinazopokea au kununua kompyuta zilizokwisha kutumika ziweke sharti kuwa kisakinishi kifanye kazi kwa Kiswahili tangu menyu ya kwanza, na sharti hilo lipimwe katika kumbukumbu ya kiwango cha chini kabisa kinachotarajiwa. Kipimo kilichofanyika kwenye kompyuta mpya hakithibitishi chochote kuhusu kompyuta kuukuu. Pili, vyombo vya lugha, vikiwamo BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, viafikiane kwanza juu ya istilahi chache za usakinishaji, hasa zile zinazohusu diski, ufutaji na nenosiri, kabla ya kuendelea na orodha ndefu. Tatu, sentensi za maonyo zijaribiwe kwa watu ambao hawajawahi kusakinisha mfumo wowote, katika zaidi ya nchi moja. Kipimo kiwe iwapo msomaji anaweza kueleza kwa maneno yake kitakachotokea akibonyeza. Nne, miradi ya kutafsiri programu ianze na kisakinishi, kwa kuwa ndicho kinachoamua kama programu nyingine zote zitafika kwenye diski.

Mwundaji atakayelazimika kupunguza zaidi bado ana vingi vya kuondoa: picha za mapambo, rangi, viendeshi vya vifaa visivyokuwapo. Onyo linaloeleweka kabla ya diski kufutwa libaki hadi mwisho.